Ukienda kwa daktari wa mishipa ya fahamu ambaye pia ni mtafiti, fanya hivi

Mara ya kwanza nampeleka mdogo wangu mwenye kifafa kliniki ya mishipa ya fahamu, hapa hapa Dar, jina la hospitali naliweka kapuni, nilitoka kichwa kimenivurugika kabisa. Dokta aliuliza maswali kama nusu saa, mengine sikuona yanahusiana vipi na kifafa, mara nyumbani kwenu mlifuga nguruwe, mara mlikulia wapi, mara kijijini mlikuwa mnachota maji mto gani, alafu mwishoni akaja kijana na karatasi nne akasema saini hapa na hapa. Nikasaini. Tumeshapanda daladala ndo mdogo wangu ananiuliza "dada, umesaini nini?" nikakosa jibu. Na yeye ana miaka 22, mtu mzima na akili zake, karatasi ilikuwa ya kwake na nimesaini mimi! Asa usije ukafanya kama mimi.

Kwanza ujue unaenda kwa nani, maana watu wanachanganya sana. Kuna daktari wa akili, huyo ni mwingine. Kuna wa upasuaji wa ubongo, hao ndo wale wa MOI, ile taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, ajali za bodaboda, watoto wenye kichwa kikubwa, uvimbe. Alafu kuna huyu wa ubongo na mishipa ya fahamu ambaye hapasui mtu, kazi yake kifafa, kiharusi, ile mikono kutetemeka ya Parkinson, ganzi isiyoisha, kichwa kinachouma miaka na miaka. Hawa ni wachache nchi nzima, na utawakuta zaidi kwenye hospitali kubwa zinazofundisha, kwa hiyo mtu huyo huyo asubuhi anakutibu, mchana anafundisha wanafunzi, na katikati hapo ana utafiti wake. Sio kwamba anakutega, ndo kazi yake ilivyo. Kuhusu rufaa sina mengi, anzia kituo chako, uende hospitali ya mkoa, Amana au Temeke au Mwananyamala, upewe barua, na kama una bima usiruke hatua maana utarudishwa getini.

Sasa yale maswali ya ajabu. Mi nilidhani dokta anapoteza muda, kumbe kila swali lina historia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kulikuwa na daktari anaitwa Louise Jilek-Aall, alikuwa anatibu watu wa kifafa kule Mahenge, Morogoro, kipindi ambacho mgonjwa wa kifafa alikuwa anatengwa hata sahani. Katika kuwatibu akaona kuna watoto wanainamisha kichwa mara kwa mara kama wanasinzia, akaandika. Yeye alikuwa tu anawapa watu dawa, lakini macho yake yalikuwa wazi. Miaka mingi baadaye watafiti wakarudi Mahenge na wakaona kifafa cha kule kina uhusiano na usubi, ule ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi wadogo wanaouma karibu na mito inayokwenda kasi. Ndo maana ya swali la mto.

La nguruwe nalo hivo hivo. Kuna tegu wa nguruwe, mayai yake yakiingia tumboni mwa mtu funza wake wanaweza kwenda kukaa kwenye ubongo, na hicho kinaleta kifafa. Na mayai hayapatikani kwenye nyama, yanatoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu, yanaingia kwenye maji, mboga, mikono. Kwa hiyo hata ambaye hajawahi kuonja kitimoto maisha yake yote anaweza kupata. Nilivyomwambia mama hilo alikaa kimya dakika nzima, alafu akaenda kuosha mchicha upya.

Na ukiulizwa mnakula nini usikasirike. Tarime mwaka 1985 baada ya ukame watu walikula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vizuri, wengine miguu ikakakamaa ghafla na haikurudi, ugonjwa unaitwa konzo, na kuuliza watu wamekula nini kuliwasaidia madaktari kuuelewa. Sisi wa mjini tuna letu pia, kuna utafiti wa kiharusi ulifanyika Hai, Kilimanjaro, na hapa Dar, ukachapishwa 2010, Dar kiharusi kikaonekana kingi kuliko kule shamba. Kwa hiyo akikwambia tupime presha wakati umeenda kwa ajili ya ganzi, pima.

Haya, maandalizi. La kwanza na la maana kuliko yote ni video. Daktari hatamuona mgonjwa akianguka, atamuona amekaa vizuri anatabasamu, kwa hiyo anategemea wewe. Ikitokea, kwanza mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, angalia saa, ikizidi dakika tano mkimbize hospitali. Alafu kama kuna mtu wa pili hapo ndo achukue simu arekodi, macho yanaangalia wapi, mkono gani umeanza, amejikojolea au la, akizinduka anaongea nini. Watu wanaona aibu kurekodi, mi mwenyewe niliona aibu, lakini ile video ya sekunde arobaini dokta aliirudia mara tatu na ndo ilimsaidia kuliko maelezo yangu yote.

La pili daftari, hata la shilingi mia tano. Tarehe, saa, ilichukua muda gani, siku hiyo alilala? alikunywa pombe? alisahau dawa? Alafu beba dawa zote na maboksi yake, pamoja na za kienyeji, usifiche, dokta hakugombezi, anataka kujua nini kinagongana na nini. Na aende mtu aliyeshuhudia, sio shangazi ambaye yuko free siku hiyo ila hajawahi kuona tukio hata moja.

Ukipangiwa kipimo cha EEG, kile cha kuandika umeme wa ubongo, osha nywele, usipake mafuta, na kwa dada zangu kama umesuka uliza kabla maana zile waya zinatakiwa kushika kwenye ngozi, kuna mtu nilimkuta kafumua rasta pale pale kwenye benchi huku analia, pesa ya msusi imeenda. Dawa usiache siku hiyo isipokuwa umeambiwa. Na majibu yakija "kawaida" haimaanishi huna kifafa, kile kipimo kinaona dakika zile tu ulizokaa pale.

Sasa tuje kwenye karatasi, maana hapa ndo watu tunapigwa na butwaa. Huyu mtu mbele yako ana kofia mbili. Akiwa na kofia ya daktari, kila anachofanya ni kwa ajili yako. Akiwa na kofia ya mtafiti, anachofanya kinaweza kuwasaidia wengine kesho na wewe usipate kitu leo, na hiyo sio dhambi, dhambi ni wewe kutojua. Kwa hiyo swali ni moja, liulize bila kuogopa: "Dokta, hiki kipimo ni cha kunitibu mimi, au ni cha utafiti?" Jibu linabadilisha kila kitu, nani analipa, nani anapata majibu, na kama unaweza kukataa.

Maana kukataa unaweza. Kukataa utafiti hakukufukuzi kliniki, na hata ukikubali leo kesho unaweza kujitoa na matibabu yako yanaendelea kama kawaida. Mtu akikutisha kwamba usiposaini hupati dawa, hapo kuna shida, mtafute mkubwa wake.

Omba usome fomu yote, au usomewe kwa Kiswahili ukielewa. Angalia kama ina kibali cha NIMR, ile taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na kama ni kujaribu dawa basi TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, nao lazima wawepo. Angalia kuna namba ya simu ya kupiga ukiwa na malalamiko. Uliza damu yangu inakaa wapi, inasafirishwa nje? itatunzwa miaka mingapi? Video yangu nani ataiona? Kama ni dawa mpya, uliza kama wanapanga watu kwa kura, maana wengine wanapewa dawa na wengine kidonge kisicho na dawa au ile ya zamani, na huchagui wewe. Tafiti nyingi lakini sio za dawa, ni maswali na damu kidogo tu. Na usitegemee mshahara, wanarudisha nauli na pengine chai.

Nani anasaini? Mgonjwa mwenyewe, kama ni mtu mzima na anaelewa. Kifafa hakimfanyi mtu kuwa mtoto. Aliye chini ya miaka 18 mzazi au mlezi anasaini lakini mtoto naye aulizwe. Asiyejua kusoma anaweka dole gumba na shahidi anakuwepo. Na nakala moja lazima uondoke nayo.

Kliniki iliyofuata tulirudi na daftari letu, nikajikausha nikauliza lile swali. Dokta akacheka, akaweka kalamu chini, akasema "swali zuri, ngoja nivue koti moja". Akaeleza taratibu, maswali yale ni ya yote mawili, damu ya chupa nyekundu ni ya matibabu, ile ndogo ya zambarau ni ya utafiti. Hakuniangalia mimi, alimuangalia mdogo wangu. Dogo akakubali maswali na damu, akakataa video yake kuonyeshwa darasani, akafuta ile saini yangu kwa mstari akaweka yake na tarehe.

Sasa hivi nakala inakaa kwenye mfuko ule ule wa dawa. Dawa zenyewe usiache ghafla hata ukiona miezi sita hajaanguka, kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege linalofuatana bila kuzinduka, na hilo linaua. Zikikaribia kuisha hesabu vidonge wiki moja kabla, maana ukienda siku ya mwisho ukakuta duka la dawa halina, utazunguka mjini mpaka jioni.