Kabla ya kutoboa tangi lililobeba mafuta

Tangi la mafuta likiletwa kwa mafundi wa jua kali pale Kibuye, Kisumu, mazungumzo huanzia kwenye bei. Kabla ya bei, muulize mwenye tangi lilibeba nini mara ya mwisho, na usiridhike akikwambia liko tupu. Tangi lililomwagwa ndilo la kuogopwa zaidi. Petroli iliyobaki kwenye kutu na mishono hugeuka mvuke hata usiku wa baridi, na mvuke huo ukifika takriban asilimia 1.4 ya hewa, cheche moja inatosha kuulipua. Ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hulala chini. Kunusa mdomoni mwa tangi si kupima.

Wengi huamini drili ni salama kwa kuwa haina moto. Chungulia matundu ya nyuma ya drili ya umeme inapozunguka: utaona vimulimuli vya buluu. Hizo ni cheche. Na biti (ncha ya drili) butu ikisuguana na chuma hupata moto wa kuunguza kidole.

Huko Hanford, Marekani, taka za nyuklia zimewekwa katika matangi 177 chini ya ardhi. Mionzi huvunja maji yaliyomo na kutoa hidrojeni, ambayo inaweza kuwaka ikifika asilimia 4 hewani. Penye taka ngumu, wataalamu wa huko walitoa sampuli kwa kutoboa. Walipofanya hivyo walipima hewa ya tangi, wakaweka kikomo cha kasi na mgandamizo wa biti, wakapitisha naitrojeni kwenye drili ili biti ipoe. Wataalamu wenye vifaa vyote hivyo hawakubahatisha. Kwa nini sisi tubahatishe?

Basi toa masalio yote, osha kwa maji moto na sabuni, kisha jaza maji hadi karibu na utakapotoboa, ukiacha mdomo wazi. Drili ya umeme na maji haviendi pamoja: tumia ya mkono au ya upepo wa kompresa. Usiingize moshi wa ekzosi kufukuza mvuke. Moshi huo ni sumu na unaweza kuingia na cheche. Azima kifaa cha kupima gesi, upime nafasi yote iliyobaki. Kama hakipatikani, rudisha tangi.

Ukienda chakula cha mchana, pima upya ukirudi. Jua likipasha chuma, kutu hutoa mvuke mwingine.