SOMO: Faili la Word ya zamani likigoma kufunguka au likivurugika

Msimu wa korosho ukianza na mitihani ya shule ikikaribia, swali ni lile lile: faili la muhtasari wa chama cha ushirika (AMCOS) au la mtihani halifunguki, na mwenye kazi amesimama mlangoni. Nimeshajibu kwa mtu mmoja mmoja vya kutosha. Naweka hapa mara moja. Ni kwa Word 2003 na Word 2007, hizi ambazo steshenari zetu kuanzia Masasi mpaka Kilwa Masoko bado zinazitumia.

Hatua ya 1. Kopi faili kutoka kwenye flashi, lipesti Desktop. Kazi yote inafanyika kwenye kopi.

Hatua ya 2. Fungua faili jingine lolote. Likifunguka vizuri, mgonjwa ni faili lako, ruka uende hatua ya 4. Yakisumbua yote, mgonjwa ni Word yenyewe.

Hatua ya 3. Funga Word. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika %appdata%\Microsoft\Templates kisha Enter. Utaona Normal.dot, na kwa Word 2007 ni Normal.dotm. Ibadilishe jina iwe Normal-zamani, lakini usiifute, maana makro (amri ulizozirekodi) na AutoText (maneno uliyoyahifadhi) zimo humo. Ukifungua Word itajitengenezea mpya.

Hatua ya 4. Ndani ya Word nenda Open, bofya faili mara moja tu, usibofye mara mbili. Kwenye kitufe cha Open kuna kamshale kadogo pembeni. Bofya hako kamshale, chagua Open and Repair.

Hatua ya 5. Hii ndiyo hatua niliyowahi kuikosea, kwa hiyo soma taratibu. Faili limefunguka lakini lina wazimu: namba za kurasa zinaruka, mashine inaganda ukifika ukurasa fulani, mistari inahama yenyewe. Mara nyingi uchafu umejificha kwenye alama ya aya iliyo mwisho kabisa wa faili, ile inayofanana na P iliyogeuzwa. Bonyeza Ctrl+Shift+8 uzione alama zote. Nenda mwanzo kwa Ctrl+Home, chagua yote kwa Ctrl+Shift+End, halafu shika Shift ubonyeze mshale wa kushoto mara moja, ili alama ya mwisho ibaki nje. Kopi, fungua ukurasa mpya kwa Ctrl+N, pesti.

Usitumie Ctrl+A hapa! Ctrl+A inabeba na ile alama ya mwisho, na ugonjwa unahamia nayo kwenye faili jipya. Utadhani njia haifanyi kazi, kumbe umeubeba mwenyewe.

Tahadhari ya pili: alama hiyo hiyo ndiyo inayotunza kingo, ukubwa wa karatasi na maandishi ya juu na chini ya ukurasa. Ukiiacha, letahedi ya chama inabaki kwenye faili la zamani, uikopi peke yake baadaye. Na kama faili lina Section Break, yaani mkato unaoligawa faili sehemu zenye mipangilio tofauti, mfano katikati kuna jedwali la mgao wa pembejeo lililolazwa, kila mkato nao unabeba mipangilio yake na unaweza kubeba ugonjwa. Kopi kipande kwa kipande bila mikato, halafu iweke upya.

Hatua ya 6. Ikiwa ni faili la .doc na hata Open and Repair imeshindwa, kwenye dirisha la Open, palipoandikwa Files of type, chagua Recover Text from Any File. Yatatoka maneno peke yake, picha na mpangilio vimekwenda, na mwanzoni na mwishoni kuna takataka za alama ambazo utazifuta. Ukimaliza rudisha Files of type kama ilivyokuwa, kwa sababu Word inaweza kuendelea kufungua mafaili mazima kwa njia hiyo hiyo, nayo yataonekana mabovu. Mtu akiseivu hapo juu ya faili zima, ameliua.

Hatua ya 7. Seivu kwa jina jipya.

MASWALI

Mpiga Chapa wa Tandahimba: Mkuu faili langu halifunguki nifanyeje

Mwandishi: Umefika hatua ya ngapi? Word ya mwaka gani? Imeandika ujumbe gani? Bila hayo matatu siwezi kukusaidia.

Mpiga Chapa wa Tandahimba: Sijaanza bado, nilitaka njia fupi

Mwandishi: Njia fupi ni hatua ya 1.

Kijana wa Kilwa: Shikamoo kaka. Mimi faili nililotumiwa linafunguka kwenye Word 2003 lakini limejaa alama za ajabu, mwanzoni kabisa kuna herufi PK. Hizi PK zina maana gani? Nimeziona kwenye mafaili mawili tofauti.

Mwandishi: Marahaba mdogo wangu, umetazama vizuri. Faili hilo si bovu. Ni .docx, muundo ulioingia na Word 2007, na Word 2003 peke yake haiusomi. Ndani yake .docx ni kifurushi cha zip, na kila zip huanza na PK, kifupi cha Phil Katz, Mmarekani aliyebuni zip. Mwambie aliyekutumia achague Save As, Word 97-2003 Document. Kama hapatikani, weka LibreOffice kwenye mashine inayoiweza, inalifungua. Halafu jaribu hili ujifunze: kwenye kopi, badilisha mwisho wa jina kutoka .docx kuwa .zip, lifungue, ingia folda ya word. Kuna faili document.xml, humo mna maneno ya kazi yako, na folda ya media ina picha zote zikiwa nzima. Ukiwa huoni .docx mwishoni mwa jina, nenda Folder Options, toa tiki kwenye Hide extensions for known file types. Siku .docx imevunjika kabisa, picha na maneno unaweza kuyachomoa humo.

Kijana wa Kilwa: Nimefanya, nimeziona picha zote! Asante sana kaka.

Fundi wa Mjini: Mnapoteza muda. Wekeni Word mpya, mambo yaishe.

Mwandishi: Mashine yenye RAM ya MB 512 na Windows XP haipokei Word mpya. Na hata ukiwa nayo, faili lililokatika katikati ya kuseivu limekatika kwa Word zote. Hatua ya 4 na ya 5 zinafanyika vile vile kwenye Word mpya.

Mama Steshenari, Nachingwea: Nimefuata hatua ya 5, faili limepona ila letahedi ya AMCOS haipo.

Mwandishi: Tahadhari ya pili, mama. Fungua lile la zamani, View kisha Header and Footer, kopi letahedi uilete huku.

Mama Steshenari, Nachingwea: Imerudi. Sasa kwenye folda kuna vifaili vinaanza na ~$ na kimoja ~WRL0003. Nifute?

Mwandishi: Funga Word kwanza. Cha ~$ ni kufuli tu, kina baiti 162, hakina hata neno lako moja. Kikibaki baada ya umeme kukatika ndicho kinachofanya Word iseme faili linatumiwa na mtu mwingine, kifute. Cha ~WRL usifute kabla hujakitazama. Kikopi, kopi uipe mwisho wa .doc, ifungue, mara nyingi ni kazi yako ilivyokuwa kabla ya kuseivu mara ya mwisho. Na wote mnaoseivu moja kwa moja kwenye flashi, acheni. Word huandika vifaili hivyo kwenye folda ile ile ya kazi. Flashi ikijaa au ikichomolewa haraka, inabaki nusu.

Mwalimu wa Newala: Natunga mtihani, kila nikiandika (c) inageuka kuwa alama ya hakimiliki. Nimeshabadilisha kibodi.

Mwandishi: Kibodi haina kosa, Mwalimu. Ni AutoCorrect, Word inajisahihishia yenyewe. Word 2003: Tools, AutoCorrect Options. Word 2007: duara la juu kushoto, Word Options, Proofing, AutoCorrect Options. Tafuta (c) kwenye orodha, bonyeza Delete. Ondoa na (r), maana swali likifika (r) litageuka pia. Kwa sasa hivi, ikigeuka tu bonyeza Ctrl+Z mara moja, mabano yanarudi.

Dada wa Mikindani: Jedwali likiishia chini ya ukurasa inatoka karatasi nyeupe ya ziada. Delete haifanyi kitu.

Mwandishi: Baada ya jedwali Word lazima iweke aya moja, haifutiki, na imesukumwa ukurasa wa pili. Ichague, ipe fonti ya ukubwa wa 1, na kwenye Paragraph weka Line spacing Exactly, 1 pt, nafasi ya juu na chini 0. Itarudi juu. Angalia pia kama ukurasa wako ni A4, sentimita 21 kwa 29.7. Word nyingi za zamani zimekuja na Letter, ambayo ina urefu wa sentimita 27.94, kwa hiyo jedwali linakosa karibu sentimita mbili. Kwenye Page Setup chagua A4, halafu bonyeza Default.

Dada wa Mikindani: Kumbe ndiyo maana printa ilikuwa inawaka taa nyekundu inataka karatasi wakati imejaa!

Mwandishi: Ndiyo, ilikuwa inaomba Letter.

Mpiga Chapa wa Tandahimba: Hatua ya 4 imelifungua. Samahani mkuu kwa pale mwanzo. Nyie wa pwani karatasi zenu zinakwama kwenye printa kama zangu?

Dada wa Mikindani: Zinakwama sana, huku unyevu wa bahari unazikunja pembeni. Bunda likishafunguliwa nalirudishia ganda lake na kulitia kwenye mfuko wa plastiki. Jioni natoa karatasi zote kwenye trei, asubuhi naweka za siku hiyo tu.

Mwandishi: Na kabla ya kuziweka, zipepee, kisha uzigeuze upande wa pili kama zimeinama.