Maneno ya Soko la Hatifungani: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua

Anayenunua hatifungani amekopesha fedha. Mkopaji anaweza kuwa serikali, halmashauri ya jiji, taasisi ya kimataifa au kampuni, na ahadi anayoitoa ni nyepesi kueleza: atalipa riba kwa vipindi vilivyopangwa, kisha atarudisha mtaji siku iliyotajwa. Ugumu huanza pale ahadi hiyo inapoingia sokoni na kupewa bei, kwa kuwa kuanzia hapo hatifungani moja huwa na viwango vitatu au vinne tofauti vya asilimia, vyote vya kweli, na muuzaji mwenye haraka hutaja kile kinachopendeza zaidi. Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha, mtu ajizoeze kuuliza kama asilimia anayotajiwa ni ya kiasi gani, ya kipindi gani, na kama ni ya kabla au baada ya makato.

Katika hatifungani ya kawaida yako mambo matatu yasiyobadilika tangu inapotolewa, nayo ndiyo ya kuandikwa kwanza. La kwanza ni thamani ya uso, yaani kiasi ambacho mkopaji atakirudisha mwishoni. La pili ni kuponi, yaani riba ya mwaka inayokokotolewa kwa thamani hiyo ya uso wala si kwa bei uliyonunulia. La tatu ni tarehe ya kuiva, siku ambayo deni linakwisha. Hatifungani yenye thamani ya uso ya 100 na kuponi ya asilimia 10 italipa 10 kila mwaka, mara nyingi kwa awamu mbili za 5, iwe uliinunua kwa 80 au kwa 120. Zipo pia zenye kuponi inayofuata riba ya soko, na nyingine ambazo mtaji wake huongezwa kufuata mfumuko wa bei. Hizo husomwa kwa masharti yake zenyewe, na anayeanza hapotezi kitu akiziweka kando kwanza.

Kinachobadilika ni bei, na hapa panahitaji utulivu. Chukua hatifungani hiyo hiyo ya kuponi ya asilimia 10, iliyobakiza miaka 5, na tuseme inalipa mara moja kwa mwaka ili hesabu iwe fupi. Ikiwa hati mpya za muda kama huo sasa zinatolewa kwa asilimia 12, hakuna atakayekubali kulipa 100 kwa hati ya kuponi ya 10. Bei yake itashuka hadi takriban 92.79, mahali ambapo mnunuzi mpya, kwa kuunganisha riba za kila mwaka na nyongeza ya 7.21 atakayoipata siku ya kuiva, anafikia asilimia 12 sawa na wenzake. Riba za soko zikishuka hadi asilimia 8, bei hupanda hadi karibu 107.99. Ndiyo maana habari za kupanda kwa riba huwa njema kwa anayetaka kununua na mbaya kwa anayetaka kuuza, ingawa mkopaji hajabadilisha hata nukta moja ya ahadi yake.

Katika mfano wa bei ya 92.79, viwango vya asilimia ni vitatu: kuponi ni 10, mapato ya sasa, ambayo hupatikana kwa kugawa kuponi kwa bei, ni karibu 10.78, na mapato hadi kuiva ni 12. Katika mfano wa bei ya 107.99, mpangilio unageuka: kuponi bado ni 10, mapato ya sasa ni karibu 9.26, na mapato hadi kuiva ni 8 tu. Anayeitangaza hati hiyo kuwa ni ya asilimia 10 hasemi uongo, lakini mnunuzi hapati 10. Kipimo cha kulinganishia hati moja na nyingine ni mapato hadi kuiva, kwa sababu kinahesabu kuponi, muda na tofauti ya bei kwa pamoja. Nacho kina masharti yake: kinahusu anayeishika hati hadi mwisho, na fedha yote itakua kwa kiwango hicho endapo tu kila kuponi itawekezwa tena kwa kiwango kile kile, jambo ambalo soko halimwahidi mtu.

Swali linalofuata ni jinsi bei ya hati yako inavyoweza kuyumba kabla ya kuiva. Riba za soko zikipanda kutoka asilimia 10 hadi 12, hati ya kuponi ya 10 iliyobakiza miaka 2 hushuka hadi karibu 96.62, wakati ya miaka 20 hushuka hadi karibu 85.06. Kipimo cha unyeti, yaani jinsi bei inavyoitikia mabadiliko ya riba (kwa Kiingereza duration), kilitokana na kazi ya mchumi Frederick Macaulay mwaka 1938, nacho hutajwa kwa miaka. Katika matumizi ya kila siku, kipimo cha 7 maana yake ni kwamba riba za soko zikipanda kwa pointi moja ya asilimia, bei itashuka kwa takriban asilimia 7. Mwaka 2020 Austria ilitoa hatifungani ya miaka 100 yenye kuponi ya asilimia 0.85. Riba za dunia zilipopanda kwa kasi kuanzia 2022, bei yake ilianguka chini ya nusu ya thamani ya uso, ingawa Austria haikuacha kulipa riba. Mwezi Machi 2023 Silicon Valley Bank ya Marekani iliuza hati ilizokuwa nazo kwa hasara ya takriban dola bilioni 1.8, wateja wakakimbilia kutoa fedha zao na benki ikafungwa. Sehemu kubwa ya hati ilizokuwa imezishika ilikuwa na dhamana ya serikali. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo ambalo wanunuzi wapya hulipuuza kuliko yote: usalama wa kulipwa ni jambo moja, na utulivu wa bei ni jambo jingine kabisa.

Kuna maneno ya kupitia haraka. Hati za muda mfupi, zile zisizozidi mwaka mmoja, kwa kawaida hazina kuponi, bali huuzwa kwa punguzo: unalipa 95 na kupokea 100. Faida ya 5 hapo imetokana na 95 uliyotoa, hivyo kwa mwaka mzima ni karibu asilimia 5.26. Pointi ya msingi ni sehemu moja ya mia ya asilimia moja, na hutumika kuzuia mkanganyiko, kwa sababu riba iliyotoka 10 hadi 11 imepanda kwa pointi za msingi 100, lakini mtu mwingine anaweza kusema imepanda kwa asilimia 10 naye asikosee.

Soko la awali ni pale mkopaji anapouza hati mpya, mara nyingi kwa mnada. Mwekezaji mdogo hushauriwa kutazama kama zabuni zisizo shindani zinaruhusiwa, ambazo hutaja kiasi bila kutaja bei na kukubali bei itakayotokana na mnada. Soko la upili ni pale wenye hati wanapouziana wao kwa wao. Huko bei inayotangazwa huitwa bei safi, na mnunuzi huongeza juu yake riba iliyolimbikizwa tangu kuponi ya mwisho. Hati iliyotangazwa kwa 96, yenye kuponi ya 5 kila miezi sita, ikinunuliwa katikati ya kipindi itakugharimu 98.50 kabla ya ada ya dalali. Uliza pia pengo kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia. Pengo pana ni dalili ya ukwasi mdogo, yaani ugumu wa kupata mnunuzi kwa haraka, na siku utakayohitaji fedha zako kwa dharura utalilipia.

Kuhusu uwezo wa mkopaji kulipa, yapo makampuni yanayoutathmini na kuupa alama. Alama za Standard & Poor's na Fitch huanzia AAA, na ya mwisho katika daraja la uwekezaji, yaani kundi la wakopaji wanaohesabiwa kuwa salama kiasi, ni BBB-, ambayo kwa Moody's ni Baa3. Chini ya hapo riba huwa kubwa kwa sababu hatari ni kubwa. Alama hizo ni maoni tu, kwani hati nyingi za mikopo ya nyumba za Marekani zilizokuwa na AAA zilishushwa hadi daraja la chini katika msukosuko wa 2007 na 2008. Soma vilevile hati yako iko nafasi ya ngapi katika foleni ya kulipwa. Benki ya Credit Suisse ilipochukuliwa na benki ya UBS mwezi Machi 2023, hatifungani zake zilizokuwa nyuma katika foleni hiyo, zenye thamani ya takriban faranga bilioni 16 za Uswisi zilifutwa kabisa, ilhali wenye hisa waliambulia kitu. Haki ya kufuta ilikuwa imeandikwa katika masharti. Humo humo ndimo huandikwa haki ya mkopaji kulipa mapema, ambayo kwa kawaida huitumia riba zinaposhuka, yaani wakati ambao wewe ungependa kuendelea.

Baada ya hapo, toa kodi na mfumuko wa bei. Mapato ya asilimia 10 wakati bei za bidhaa zinapanda kwa asilimia 6 ni ongezeko halisi la karibu asilimia 3.77, kabla ya kodi. Na iwapo hati ni ya fedha za kigeni, mabadiliko ya thamani ya fedha yanaweza kuzidi riba yote ya mwaka.

Mwisho, kwa anayepitia mfuko wa uwekezaji wa pamoja badala ya kununua hati moja moja: mfuko wa kawaida wa aina hiyo hauna tarehe ya kuiva. Meneja hununua hati mpya kadiri za zamani zinavyoisha, hivyo hakuna siku iliyopangwa ambayo mtaji wako utarudi ulivyo, na kinachopaswa kuulizwa ni kipimo cha unyeti cha mfuko mzima pamoja na ada ya usimamizi inayokatwa kila mwaka.