SOMO: Faili la .db limegoma kufunguka? Soma baiti za mwanzo

Wakuu, swali la "nina faili la .db, nilifungue na nini?" halijibiki kwa ekstensheni (herufi za baada ya nukta kwenye jina la faili) peke yake. SQLite, aina ya kanzidata (hifadhi ya data iliyopangwa kwa majedwali), hutumia .db, Paradox, kanzidata ya zamani, nayo ilitumia .db, na Thumbs.db ya Windows wala si kanzidata, ni vijipicha vya folda tu.

Hatua ya 1. Fanya kazi na nakala, usiguse faili lenyewe. Ukiona kando yake kuna mafaili ya jina lilelile yanayoishia na -wal au -shm, yanakili yote pamoja. Rekodi za karibuni mara nyingi bado zimo kwenye -wal. Ukiliacha, utafungua kanzidata yenye mapengo halafu uanze kumlaumu aliyekutumia.

Hatua ya 2. Windows huficha ekstensheni. Zionyeshe kupitia menyu ya View, maana "wateja.db" inaweza kuwa wateja.db.zip.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye kazi. Kwenye Linux au Mac, fungua Terminal uandike:

`file wateja.db`

Kwenye Windows, lifungue kwa HxD (programu ya bure ya kuonyesha baiti za faili) na usome mistari miwili ya kwanza, upande wa kulia:

- SQLite format 3: tumia DB Browser for SQLite.
- Standard Jet DB: Access (kanzidata ya Microsoft) ya zamani, .mdb.
- Standard ACE DB: Access ya 2007 na kuendelea.
- PK: ni zip, lifungue kama zip.
- CREATE TABLE au INSERT INTO: ni maandishi ya SQL (lugha ya amri za kanzidata), hata Notepad++ inatosha.

Ukikuta vurugu tupu tangu baiti ya kwanza, huenda limesimbwa, yaani limefichwa kwa ufunguo wa siri. Hapo tafuta ufunguo, usihangaike kubadilisha programu.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu, nina msgstore.db.crypt15 ya WhatsApp. Nimefuta ".crypt15" ibaki .db, DB Browser imekataa.

Jibu: Umebadilisha jina tu, ndani bado limesimbwa. Kama bakapu yako uliilinda kwa ufunguo wa tarakimu 64, huo ndio wa kutafuta. Anayekuambia atalifungua bila ufunguo, shika hela yako.

Swali: Nina .mdf kubwa, SQL Server haiitambui.

Jibu: Angalia jirani yake, ndugu. Kukiwa na .ldf, ni ya SQL Server. Kukiwa na .mds, hiyo ni taswira ya diski (nakala ya CD au DVD) ya programu ya Alcohol 120%, umebisha hodi nyumba siyo.

Swali: Langu halina ekstensheni kabisa. Limetoka kwenye bakapu ya iPhone, jina linaanza 3d0d7e5f.

Jibu: Hilo ni sms.db, yaani meseji. Kama bakapu haikuwekewa nywila, ni SQLite ya kawaida. Majina halisi ya mengine yote utayakuta ndani ya Manifest.db, jedwali la Files, safu ya relativePath.