MOT ya gari ikiisha muda Uingereza

Uingereza, gari huanza kukaguliwa MOT (ukaguzi wa lazima wa usalama wa gari) likitimiza miaka 3 tangu kusajiliwa (Ireland Kaskazini, miaka 4), kisha kila mwaka. Siku za nyongeza hakuna. Cheti kikiisha leo, kesho gari haliruhusiwi barabarani, hata likiwa limeegeshwa tu kando ya barabara mbele ya nyumba. Faini hufika pauni 1,000, na hakuna haja ya askari kukusimamisha: kamera husoma namba ya gari na kuilinganisha na kumbukumbu.

Angalia tarehe yako sasa. Ingiza namba ya gari kwenye tovuti ya serikali, GOV.UK, ni bure, na ujiandikishe ukumbushwe kwa ujumbe wa simu.

Ikiwa imekwisha, weka miadi ya ukaguzi kabla ya kuwasha injini. Unaruhusiwa kuliendesha kwenda kwenye ukaguzi wenye miadi, au gereji kutengenezwa. Tunza uthibitisho wa miadi, maana ukisimamishwa ndio utetezi wako. Lakini miadi haiokoi gari bovu: tairi kipara ni faini hadi pauni 2,500 na pointi 3 kwenye leseni, na hiyo ni kwa kila tairi. Ukiwa na wasiwasi na breki au tairi, usiliendeshe, ita gari la kuvuta.

Bima nayo ina shida zake. Ukipata ajali, kampuni inaweza kulithamini gari lako kwa bei ndogo kwa sababu halina MOT. Kodi ya gari pia huwezi kuilipia upya.

Magari mengi huanguka kwenye ukaguzi kwa vitu vidogo, kwa hiyo likague lako nyumbani kwanza. Washa taa zote, mtu mwingine asimame nyuma aangalie za breki. Kashata za tairi zisipungue milimita 1.6, chomeka sarafu ya peni 20 kwenye mfereji, na ukiuona ukingo wake wa nje, peleka gari kwa fundi aipime tairi. Jaza maji ya kuoshea kioo, kwani yakikosekana unaanguka. Taa ya injini, ABS au airbag ikibaki inawaka kwenye dashibodi, vilevile.

Ukaguzi wa gari dogo hauzidi pauni 54.85. Unaweza kuufanya mwezi mmoja kasoro siku moja kabla bila kupoteza tarehe yako: cheti kinachoisha 20 Septemba, nenda kuanzia 21 Agosti.