Kifundo cha Mkono Kikiuma, Anza na Kiti: Mkao wa Kupiga Gitaa

Nimetoka kumsaidia mwanafunzi aliyekuwa akiamka usiku na ganzi mkononi. Alikuwa ameshajaribu dawa za kuchua na mazoezi ya vidole, kumbe shida ilikuwa mkao. Utaratibu tulioufuata ndio huu. Kama unabonyeza nyuzi kwa mkono wa kulia, geuza maelezo.

1. Kiti. Kigumu, kisicho na mikono. Kaa nusu ya mbele, nyayo zote mbili chini. Sofa ni ya kusikilizia muziki.

2. Gitaa likufuate wewe. Kaa wima ukiwa mikono mitupu, shusha mabega, ndipo ulipokee gitaa. Kichwa chake kipande hadi karibu na usawa wa bega au juu kidogo. Wengi huweka kibao chini ya mguu wa kushoto. Mimi napendelea mkanda mfupi, hata nikiwa nimekaa, maana kibao huinua nyonga moja na baada ya muda kiuno kinaanza kulalamika. Gitaa lenye mwili mnene nalo hupandisha bega la kulia. Mtu mwenye mwili mdogo atafute dogo, asione haya.

3. Kifundo cha mkono wa kushoto. Hapa ndipo muda wetu mwingi ulipoishia.

Ndani ya kifundo kuna njia nyembamba inayopitisha kano tisa za kukunja vidole pamoja na neva moja. Ukikikunja sana, njia inabana na neva inaumia. Dalili yake ni ganzi kwenye dole gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Ganzi ikiwa kwenye kidole cha mwisho, chunguza kiwiko: pengine unakikunja mno au unakiegemeza mahali.

Ninginiza mkono ubavuni, kisha uinue taratibu bila kubadili kifundo. Unavyokiona hapo ndivyo kinavyotakiwa kuwa ukishika kodi (nyuzi kadhaa zinazopigwa kwa pamoja). Sasa bonyeza nyuzi ya sita, ile nene kuliko zote, kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa). Kifundo kikichomoza mbele, usihangaike nacho chenyewe: rudi hatua ya 2, inua kichwa cha gitaa, kisha sogeza kiwiko mbele kidogo.

Halafu shika kodi yoyote na uliondoe dole gumba kabisa. Sauti bado itatoka, kwa sababu mkono wa kulia unalizuia gitaa kifuani na uzito wa mkono wa kushoto unavuta nyuma. Lirudishe dole gumba nyuma ya shingo, mkabala na kidole cha kati, bila kubana. Kulipitisha juu ya shingo wakati wa kuvuta nyuzi pembeni ili kupandisha sauti si kosa, ila lisilale huko wimbo mzima.

Kwenye kodi za bare, yaani zile ambazo kidole kimoja hulala juu ya nyuzi kadhaa, bonyeza karibu kabisa na freti; nguvu inayohitajika hupungua sana. Ukifanya hivyo na bado unakaza meno, huenda nyuzi zimeinuka mno kutoka shingoni. Hakuna mkao utakaoponya hilo. Mpe fundi azishushe.

4. Mapumziko. Kila dakika 25, weka gitaa chini. Tega alamu, maana ukikolea hutakumbuka.

5. Maumivu yakija, acha. Ganzi ikibaki baada ya kupumzika, au vitu vikianza kukuponyoka mkononi, nenda kwa daktari. Usifunge bandeji ya kukaza ukaendelea kupiga.