Kurudisha lipu ya chokaa kwenye ukuta wa matumbawe

Misikiti na vyuo vya zamani vya Lamu na Pate vimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa namna hiyo ukianza kumwaga unga chini, wengi hukimbilia mfuko wa sementi. Usithubutu. Matumbawe hunyonya maji ya ardhini, na chokaa huyaacha yatoke yakauke. Sementi huyafungia ndani: unyevu hupanda juu zaidi, chumvi huganda nyuma ya lipu, kisha bamba zima huanguka na uso wa jiwe.

Ziba chanzo cha maji kwanza. Kagua dari, bomba la birika la udhu, na udongo uliorundikana juu ya msingi. Usipofanya hivyo, kazi yote ni bure. Ndani ya Mji wa Kale wa Lamu, ulio Urithi wa Dunia tangu 2001, pitia Makumbusho ya Taifa ya Kenya kabla ya kugusa kitu.

Bandua sementi kwa patasi na nyundo ndogo, ukianzia penye mlio wa uwazi. Inapong'ang'ania jiwe, iache. Kuilazimisha huvunja matumbawe. Piga brashi kavu, chumvi uizoe uitupe mbali, kisha uache ukuta ukauke kwa wiki kadhaa.

Chokaa ya moto, yaani iliyochomwa na bado haijatiwa maji, izimwe kwa maji kwenye pipa la chuma, maana la plastiki huyeyuka. Tia chokaa kwenye maji, kamwe si maji kwenye chokaa, nayo macho yakingwe: huchemka na kuruka. Iache chini ya maji miezi 3, iwe laini kama siagi.

Mchanga wa ufuoni haufai, hata ukioshwa mara moja. Tumia wa shimoni. Uonje kwa ncha ya ulimi, ukiwa na chumvi urudishe. Kipimo ni ndoo 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga.

Mashimo makubwa jaza kwa vipande vya matumbawe, si chokaa tupu. Lowesha ukuta, piga tabaka lisilozidi milimita 10, subiri likaze siku kadhaa, ndipo la pili. Tundika magunia mabichi mbele yake kwa wiki nzima, hasa upepo ukivuma. Jua kali hukausha juu kabla ya ndani, na hapo ndipo nyufa za utando wa buibui zinapotokea.

Mwisho paka chokaa nyepesi kama maziwa, mara 3 au 4. Mkono wa kwanza hauonekani mweupe, usiuongezee uzito.